Tupeane uzoefu: kwenu mnasemaje mtu akipita kwa ncha za vidole asiamshe wengine?

Mkate Moto (mleta mada)
Habari zenu ndugu, wakubwa shikamooni.

Kazi yangu ni ya usiku, kwenye tanuri la mikate, na nyumbani narudi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi huu mama mkwe yupo kwetu, amekuja kliniki ya macho. Analala sebuleni kwa kuwa chumba cha pili kimejaa watoto, na sebule ndiyo njia. Juzi nikavua ndala nje, nikazishika mkononi, nikawa napita kwa ncha za vidole. Kufika katikati nasikia sauti gizani: "Nani huyo ananinyemelea?"

Nikajibu, "Ni mimi, mama." Shikamoo, marahaba, yakaisha. Lakini neno lile limenikaa kifuani. Paka ndiye anayemnyemelea kifaranga. Hata hospitalini wanasema magonjwa nyemelezi, yale yanayomvizia mtu kinga yake ikishashuka. Mimi nilikuwa nauonea huruma usingizi wake.

Je, Kiswahili hakina neno la mtu anayepita kimya kwa nia njema? Na kwenye lugha za kwenu, au huko mlikoishi, watu husemaje?

Mama Zuu
Pole mwaya. Neno lipo: kunyata. Kunyata ni mwendo tu, hatua za taratibu zisisikike, na hauna kosa. Tatizo linaanza ukiongeza kiambishi. Ukisema *nanyata*, umeeleza miguu yako inavyokwenda. Ukisema *namnyatia*, sasa kuna mtu mbele yako na una jambo naye. Ndiyo maana wakati wa usajili magazeti ya michezo hayaachi kuandika "Yanga yamnyatia" fulani. Kunyemelea ndio kabisa, humo mna windo ndani yake.

Wako wanaosema pia kunyapa, maana ile ile. Bibi yangu alikuwa akisema "pita nyatunyatu, mtoto kalala", na mpaka leo nikimtoa mwanangu mgongoni na kumlaza, kichwani nasikia nyatunyatu.

Halafu watu wasichanganye na kuchuchumia. Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili ufikie kitu kilicho juu, kama mtoto anayelitaka kopo la sukari kabatini. Huyo haendi popote.

Daraja Mbili
Nimefanya kazi Durban miaka mitano. Kizulu wanasema *nyonyoba*. Hebu yatamkeni pamoja: nyata, nyapa, nyemelea, nyamaza, nyonyoba. Ile "ny" inakulazimisha uubandike ulimi juu polepole, kama unyayo unaotua sakafuni. Mimi si mtaalamu wa lugha, ila sikio langu linaona undugu hapo.

Zamu ya Usiku
Dada Mkate Moto, nimekuelewa sana. Niko Ujerumani, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na usiku mzima ni korido na milango. Wana *auf Zehenspitzen*, yaani juu ya ncha za vidole vya miguu. *Zehe* ni kidole cha mguu peke yake, wala hawakichanganyi na cha mkono. Sisi vyote ni vidole, mpaka uongeze "vya miguu" ndipo mtu aelewe.

Ila ninalolipenda ni jingine: *auf leisen Sohlen*, kwa nyayo zilizo kimya. Sauti imeondolewa kwenye nyayo zenyewe. Kuna mzee ninayemgeuza ubavu kila usiku ili asipate vidonda vya mgongo. Natembea hivyo mpaka kitandani kwake, naweka mkono begani, na mara nyingi anageuka bila kufumbua macho. Nikiona hivyo najua nimeifanya kazi yangu vizuri.

Msafiri wa Maskati
Kiarabu nacho, *ala atraf asabi'ihi*, kwenye ncha za vidole vyake, na *asabi'* ni vya mkono na vya mguu kama kwetu. Kihispania nacho *dedo* ni vyote viwili. Kwa hiyo hatuko peke yetu.

Mtoto wa Bukavu
Sisi shuleni tulifundishwa Kifaransa, *à pas de loup*, kwa hatua za mbwa mwitu. Darasa zima hakuna aliyewahi kumwona mnyama huyo. Mwalimu alipotaka mfano, tukasema hatua za chui, na alitukubalia. Pia kuna *sur la pointe des pieds*, hiyo ndiyo ya kupita penye mtoto aliyelala. Kwa hiyo Wafaransa wametenganisha: ya mbwa mwitu ni ya kuvizia au kujificha, ya ncha za miguu inaweza kuwa ya heshima.

Mpunga wa Kyela
Nilisoma Japani. Wao husema *nukiashi, sashiashi, shinobiashi*. *Ashi* ni mguu. Ya kwanza ni mguu wa kuchomoa, ya pili mguu wa kuchomeka, ya tatu mguu wa kujificha. Nilipoelezwa nilisimama nikajaribu palepale, maana mimi nimekulia kwenye majaruba ya mpunga na mwendo huo naujua. Kwenye tope huburuti mguu. Unauchomoa wima, kisigino kwanza, kisha unauchomeka mbele vidole vikitangulia, na maji hayapigi kelele. Nyumbani hatukuwa na jina lake.

Tulipelekwa pia Kyoto kwenye ngome ya Nijō, ya tangu mwaka 1603. Korido zake ni za mbao, na chini yake kuna vibano vya chuma vinavyosuguana na misumari. Ukikanyaga, sakafu inalia kama ndege. Ukinyata pia inalia. Husimuliwa kwamba ziliwekwa makusudi ili anayenyemelea usiku ajulikane. Nilipita pale na soksi, taratibu kuliko nilivyowahi kutembea maishani, na bado ndege waliimba.

Dereva wa Hifadhi
Tembo. Mwili wote ule, lakini usiku akipita kando ya hema unachosikia ni matawi yanayovunjika na tumbo linalonguruma, nyayo hazisikiki. Mifupa ya mguu wake imesimama kwa ncha za vidole, na nyuma, pale tunapodhani ni kisigino, kuna pande nene la mafuta linalotanuka akikanyaga na kumeza kishindo. Wageni hawaamini mpaka wamwone mwenyewe. Paka naye anatembea kwa vidole, na mguu wa nyuma anauweka palepale alipotoa wa mbele, kwa hiyo akishapima sehemu moja hana haja ya kupima tena. Dada, fanya hivyo sebuleni: ijue njia yako mchana, uikanyage ile ile usiku.

Mkate Moto
Asanteni nyote, nimesoma kila mlichoandika. Mama Zuu, yale ya kunyata na kumnyatia nilimweleza mama mkwe tukichambua mchicha. Akasikiliza, akasema tu, "Kumbe."

Leo alfajiri nimevua ndala mlangoni kama kawaida. Nimefika katikati ya sebule, nikasikia kutoka kwenye godoro:

"Unanyata?"

"Nanyata, mama."

"Haya. Chai ipo kwenye chupa."