Boksi jepesi la besi kwa kazi za ukumbini: 1x12, 2x10 au spika ya PA?

BesiNyuziTano (Dar es Salaam)
Wakuu, salaam. Napiga besi ya nyuzi tano: harusi, hoteli, na Jumapili kanisani. Kichwa changu (ampu bila spika) ni hivi vidogo vya kisasa, wati 500 kwa omu 4 (omu ni ukinzani wa boksi kwa umeme), kinaingia kwenye begi la mgongoni. Tatizo ni boksi. Nina 4x10 ya zamani (spika nne za inchi 10), na kila ukumbi ulio ghorofani namtafuta mtu wa kushika upande wa pili. Mpiga drams ameshaanza kujificha.

Nataka kitu kinachoingia kwenye bajaji pamoja na mimi na gita. Nimechuja nikabakiwa na hivi: Aguilar SL 112 (spika moja ya inchi 12, wati 250, kilo 11 na ushee), Markbass Traveler 102P (mbili za inchi 10, wati 400), au niachane na maboksi kabisa ninunue spika ya PA (ya mitambo ya sauti ya ukumbi) yenye ampu ndani, QSC K12.2. Mnashaurije?

Mzee wa Sebene (Dar es Salaam)
Kwanza ondoa macho kwenye wati, kijana wangu. Wati zilizoandikwa nyuma ya boksi zinakwambia spika inavumilia moto kiasi gani, hazikwambii inapiga kwa nguvu gani. Tazama usikivu wake, zile desibeli kwa wati moja kwa mita moja. Boksi la desibeli 100 likilishwa wati 150 linalingana na la desibeli 97 lililolishwa wati 300. Kila desibeli 3 ni wati mara mbili. (Na si kila kampuni inapima kwa uaminifu, kwa hiyo masikio yako nayo yapewe kazi.)

Pili ni omu. Ukichomeka boksi moja la omu 8, kichwa chako cha wati 500 kitatoa kama 250 au 300 hivi. Maboksi mawili ya omu 8 kila moja, ukiyaunga, yanakuwa omu 4, na hapo kichwa kinafunguka chote. Ndiyo maana kura yangu ni SL 112: nunua moja leo, ya pili ukipata kazi nzuri ya Desemba. Kazi ya hotelini unabeba moja, ya ukumbi mkubwa mbili, kila mkono na lake. Ila Markbass wanauza Traveler za omu 8 na za omu 4. Ukijichanganya ukaunga mbili za omu 4 unapata omu 2, na vichwa vingi vya aina hiyo havikubali.

Sisi tulibeba Ampeg SVT, spika nane za inchi 10, kilo 63. Sauti yake mpaka leo sijaipata kwingine, na mgongo wangu nao haujasahau.

MpwaniBesi (Mombasa)
Mzee, kwa heshima zote, hapa kwetu hoteli za ufuoni boksi la besi ni mapambo. Fundi mitambo anachukua laini kutoka kwenye kichwa, anaipeleka kwenye mikisa, na wageni wanasikia spika zake. Mimi nina K12.2, kilo 17.7. Nailaza jukwaani kama monita (spika ya mpigaji kujisikia), najisikia mimi na kidogo cha mwimbaji. Siku ambayo hakuna PA naisimamisha kwenye stendi, besi na maikrofoni zote zinapita humo. Boksi la besi halifanyi hivyo.

Ubaya wake: sauti ni safi mno, kama hujazoea utasema kavu. Nimeweka priampu ya mguuni (kifaa cha kukoleza sauti) mbele yake. Na inataka plagi yake, sasa kwenye harusi ya jenereta yenye soketi mbili jukwaa zima, hapo ni kugombana na mpiga kinanda.

fundi_mbao (Arusha)
Kuna njia ya nne hamjaitaja: nunua spika, boksi lichongwe hapa. Uzito wa boksi unatoka sehemu mbili, sumaku na mbao. Sumaku ya kawaida ni feraiti, nzito. Neodimi inatoa nguvu ileile kwa sumaku ndogo sana, na hapo ndipo kilo zinapopungua. Eminence wana mfululizo wa Kappalite wa neodimi, mfano 3012HO, inchi 12, wati 400, omu 8. Boksi lifanye la plaiwudi nyepesi ya milimita 12 yenye mihimili ndani, badala ya ubao mnene usio na mihimili. MDF (mbao za unga uliogandamizwa) usiiguse. Ni nzito, na ikinyeshewa kona moja inavimba kama andazi.

Ila usimwambie seremala "nifanyie dogo" halafu utegemee besi ya kutetemesha viti. Kuna kanuni watu wa spika wanaiita ya Hofmann, kwa jina la mmoja wa waanzilishi wa KLH, kampuni ya spika kule Marekani: boksi dogo, besi ya chini kabisa, sauti kubwa kwa wati chache. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Ujazo wa ndani na urefu wa tundu la hewa vifuate hesabu za spika husika, si kipimo cha mbao zilizobaki.

BesiNyuziTano
Asanteni. Fundi amenigusa penyewe. Uzi wangu wa tano, B ya chini, 1x12 itauweza?

Mzee wa Sebene
B hiyo ni hezi 31 (mitetemo kwa sekunde), E ni 41. Hakuna boksi la kilo 11 linalokupa hezi 31 kwa sauti ya ukumbini, na karibu hakuna anayelihitaji. Sikio linajenga noti kutokana na hezi 62, mara mbili yake, na zinazofuata juu yake. Na kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu kwenye muziki wa Kikongo, besi inaongea katikati, pale kidole gumba kinapogonga. Usipandishe kitufe cha besi. Tafuta chujio la kukata sauti za chini, weka kama hezi 35 au 40. Koni ya spika ndogo ikilishwa chini ya pale boksi lilipopangwa, inarukaruka bila kutoa sauti, na ndivyo zinavyokufa.

Ukumbi wa vigae na vioo ukivuma, liinue boksi juu ya kreti la soda na ulisogeze mbali na ukuta. Maboksi mepesi pia hutembea jukwaani, kwa hiyo tandika kipande cha mpira chini.

MpwaniBesi
Hapo kwenye kreti nakubaliana na Mzee. Kwa kanisa na kumbi zisizo na mitambo ya maana, chukua 1x12. Mimi na hoteli zangu nabaki na yangu.

BesiNyuziTano
Basi naanza na 1x12 moja ya omu 8. 4x10 naiuza, inabaki Sinza, anayeitaka aje na gari. Waya wa gita wa kawaida unafaa kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye boksi?

fundi_mbao
Hapana! Ule ni mwembamba ndani, utapata moto. Nunua waya wa spika, mnene, wenye spikoni (plagi za spika zinazojifunga) pande zote mbili.