Kama samadi inarudi mgombani, kwa nini nishati hairudi?

Mama Neema, Kibosho (Moshi)

Habari za leo ndugu zangu. Binti yangu yupo kidato cha pili, na juma hili amerudi na somo la mnyororo wa chakula. Daftari lake ni la Kiingereza, kwa hiyo jioni tunakaa jikoni tukilipitia pamoja, nami ninamweleza kwa vitu anavyoviona hapa nyumbani. Tulipofika mahali panaposema kwamba nishati hupita upande mmoja tu na hairudi, nilikwama. Sisi tuna ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Wanakula mabingobingo na mashina ya migomba, samadi yao tunaiweka kwenye migomba ile ile, na migomba inawapa tena chakula. Kwa macho yangu huo ni mzunguko, sasa ni kitu gani kisichorudi? Halafu daftari linasema kila hatua hupokea asilimia 10 tu ya nishati ya hatua iliyotangulia. Hiyo 90 inakwenda wapi, na nani aliipima? Ninaomba maelezo ambayo mtoto wa miaka 15 atayaelewa bila kuyakariri.

Mwalimu wa Baiolojia, Arusha

Mama Neema, pole na hongera kwa kukaa na mtoto. Unachokiona ni kweli, ila katika jani moja la bingobingo vinasafiri vitu viwili kwa pamoja, na njia zao zinaachana. Kuna viini, yaani malighafi zinazoujenga mwili wa jani: kaboni, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na vinginevyo. Na kuna nishati ya jua iliyofungwa ndani ya sukari na nyuzinyuzi za jani wakati wa usanisinuru, yaani jani linapotengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Viini ndivyo vinavyorudi mgombani, vingi kupitia samadi, na kaboni kupitia hewa. Nishati inafunguliwa na kutumika kidogo kidogo njia nzima, na kila inapotumika sehemu yake hugeuka joto.

Mpeleke binti kwenye lundo la samadi alfajiri moja ya mwezi wa saba, wakati baridi ya mlimani bado haijaachia. Atalikuta linafuka mvuke, na mkifukua kidogo kwa jembe atahisi joto kiganjani. Ng'ombe aliyeitoa samadi hiyo hayupo pale, na jua halijachomoza. Joto hilo linatoka kwa bakteria na kuvu wanaokula mabaki ya majani ambayo ng'ombe alishindwa kuyameng'enya. Hiyo ndiyo nishati ya jua la miezi iliyopita ikiondoka mbele ya macho yake. Itapasha hewa, kisha mwishowe itatoka nje ya dunia ikiwa mionzi ya joto. Haijapotea kwa maana ya kufutika, lakini mgomba hauwezi kuikamata tena, kwa sababu jani hutengeneza sukari kwa mwanga, si kwa vuguvugu. Ndiyo maana jua lazima lije kila siku, ilhali fosforasi ile ile inaweza kuzunguka shambani miaka mingi.

Kuhusu asilimia, tupige hesabu ya ng'ombe wako kwa makadirio. Tuseme anakula kwa siku majani ambayo yakikaushwa kabisa yana kilo 10. Kilo moja ya majani makavu ina nishati ya karibu megajuli 18 (megajuli ni kipimo cha nishati), hivyo ameingiza 180. Akitoa lita 8 za maziwa, kila lita ikiwa na karibu megajuli 3, umepata 24, yaani kama asilimia 13. Zilizobaki? Theluthi moja hadi nusu ya alichokula hutoka kwenye kinyesi bila kumeng'enywa, kama asilimia 6 hutoka mdomoni ikiwa gesi ya methani anapocheua, kidogo hutoka na mkojo, na sehemu kubwa ya iliyosalia ni joto la mwili wake: moyo unaopiga, taya zinazotafuna mchana kutwa, ngozi inayobaki na joto usiku wa baridi.

Aliyeanza kupima mambo haya kwa utaratibu ni Mmarekani Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog Lake, Minnesota. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 26, miezi michache kabla ya makala yake kuchapishwa. Katika ziwa lile alipata takriban asilimia 13 kwa walaji wa kwanza (wanaokula mimea) na 22 kwa walaji wa pili (wanaokula hao wa kwanza). Kwa hiyo mweleze binti kwamba 10 ni wastani wa kurahisisha hesabu za darasani; inanisikitisha kuona watoto wakiikariri kama amri.

Mkulima wa Machame

Shikamoo mwalimu. Naomba niongeze ushahidi kutoka bandani. Mimi nina mtambo wa biogesi, aina ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini cha hapo Arusha, imekuwa ikiieneza tangu miaka ya 1980. Samadi inaingia mtamboni, gesi inatoka, na maharage yanaiva kwa moto wake. Yule moto wa buluu ni nishati iliyokuwa ndani ya majani. Sasa angalia tope linalobaki: sehemu nzuri ya nishati yake imeshachomwa jikoni, lakini nikilipeleka kwenye migomba linastawisha kama samadi ya kawaida, maana naitrojeni, fosforasi na potasiamu hazikutoka na gesi. Kama mgomba ungekuwa unatafuta nishati kwenye samadi, tope langu lingekuwa na faida ndogo kuliko samadi. Mama Neema, jambo hili ndilo lililonifanya nikaelewa, kuliko michoro yote niliyochorewa shuleni.

Nitofautiane nawe kidogo kwenye neno mzunguko. Hata viini navyo vinavuja. Kila mkungu unaoshuka sokoni Moshi unaondoka na potasiamu ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, na kahawa vivyo hivyo. Mama zetu walipokuwa wakipandisha mizigo ya nyasi kichwani kutoka tambarare kulisha ng'ombe wa mlimani, walikuwa wakirudisha rutuba kihambani pamoja na lishe ya mifugo, na ninaamini kazi yao hiyo haijapewa heshima inayostahili.

Mwongoza watalii, Arusha

Mimi nichangie upande wa porini kwa ufupi. Wageni huniuliza kwa nini simba ni wachache wakati chakula kimejaa. Katika ikolojia ya Serengeti nyumbu wanakadiriwa kufikia milioni 1.3, na simba kama 3,000. Mnyama mwenye damu moto kama nyumbu hugeuza kuwa mwili wake asilimia chache tu, mara nyingi kati ya 1 na 3, ya nishati aliyoifyonza kwenye nyasi. Baadhi ya wadudu hufikia 40. Simba anaishi kwa masalio ya masalio.

Ukitaka kuona mnyororo mfupi, nenda maziwa ya Momela katika Hifadhi ya Arusha wakati heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, wamefika. Heroe mdogo huinamisha kichwa, huchuja maji ya magadi kwa mdomo wake na kula vijimea vidogo sana vya jamii ya spirulina. Kutoka kwenye jua hadi kwake kuna hatua moja tu katikati, na hiyo ni sababu kubwa ya ndege hao kuweza kujaa ziwani kwa maelfu.

Mama Neema, Kibosho (Moshi)

Asanteni sana, wazee wangu. Leo asubuhi tulifukua lundo, na binti alitoa mkono haraka kwa jinsi lilivyokuwa na joto. Lakini ameniletea swali jingine: kama ng'ombe anakula mzigo mzima na kutoa maziwa na samadi vyenye uzito mdogo kuliko huo, je, uzito uliobaki ndio uliogeuka joto?

Mwalimu wa Baiolojia, Arusha

Hapana, na mpongeze kwa kuuliza. Uzito haugeuki joto hapo. Sehemu kubwa ya mzigo mbichi ni maji, na hayo hutoka kwa mkojo, jasho na pumzi. Sehemu nzuri ya kaboni ya majani hutoka puani ikiwa kabonidioksaidi. Akisimama karibu na pua ya ng'ombe asubuhi ya baridi ataona ukungu: huo ni mvuke wa maji, na ndani yake kuna hewa ile isiyoonekana, ambayo mgomba ulio nyuma ya banda unaweza kuivuta kupitia majani yake siku hiyo hiyo, jua likishatoka.