Tupeane uzoefu: vifaru vya Kijerumani vya kuunganisha kwa ajili ya vita vya mezani

Mzinga Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wetu sisi tunaocheza vita vya mezani, vile vya dadu, futi ya kupimia na wanajeshi wadogo wa plastiki, hasa vya Vita vya Pili vya Dunia. Naomba tujikite kwenye magari ya deraya ya Kijerumani. Ulichaguaje modeli zako, na umezifanyia nini mpaka zikakaa vizuri mezani?

Kila mgeni akija huuliza kampuni gani ni nzuri, na hapo watu huanza kubishana majina ya maboksi. Mimi naona swali la kwanza ni mwaka na mahali. Ukishajua jeshi lako linapigana wapi na lini, nusu ya maboksi dukani yanajiondoa yenyewe.

Nianze na langu. Nacheza Tunisia, mwisho wa 1942 kuingia 1943. Kikosi cha 501 cha vifaru vizito kilipelekwa huko kikiwa na Tiger pamoja na Panzer III za kuzisindikiza, zile Ausf. N (Ausf. ni toleo) zenye mzinga mfupi wa sentimita 7.5. Basi jeshi langu lina Tiger moja, Panzer III mbili, na askari wa miguu. Sijaweka Panther hata moja, kwa sababu Panther iliingia vitani Kursk, Julai 1943, na wakati huo Tunisia ilikuwa imeshaanguka.

Jambo hili si la wasomi tu. Kifaru chenye mwaka wake kinakupa kila kitu kingine: rangi, alama, hata mizigo ya kufunga nyuma. Tazameni Tiger 131 iliyoko makumbusho ya Bovington, Uingereza, iliyotekwa Tunisia Aprili 1943. Namba ile ya kwenye tareti, kile kichwa cha kifaru kinachozunguka, inasomeka kombania ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1. Ukilijua hilo, huwezi tena kubandika stika za namba kwa kubahatisha. Panzer III zangu nimezipa namba za kombania moja na platuni moja, na mpinzani akizitazama anaona kikosi kimoja. Karibuni.

Dadu Sita, Birmingham

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nitaongelea kipimo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza hela.

Chukua Tiger hiyo hiyo. Ya kweli, mzinga ukiwa umeelekea mbele, ina urefu wa karibu mita 8.45. Kwa kipimo cha 1/56 inakuwa sentimita 15, kwa 1/72 inakuwa karibu 11.7, na kwa 1/100 inakuwa kama 8.5. Sasa iweke kwenye meza ya futi 6 kwa 4. Ya sentimita 15 ikisimama kati ya nyumba mbili, barabara imefungwa. Ukicheza Bolt Action, ambapo kwa kawaida unashusha kifaru kimoja au viwili tu pamoja na askari wa milimita 28, ukubwa huo unapendeza sana, maana kifaru ni mgeni rasmi wa mchezo. Ukicheza Flames of War, ambapo platuni nzima ya vifaru inasonga pamoja, 1/100 ndiyo yenyewe.

Mimi nimetulia kwenye 1/72. Ni kipimo cha zamani, kina aina nyingi za magari, na bei yake haiumizi. Ila ndani ya 1/72 kuna familia mbili. Kuna maboksi ya haraka yenye vifaru viwili na vipande vichache, kama ya Armourfast na S-Model. Kuna na ya wapenzi wa maonyesho, kama ya Revell na Dragon, yenye vipande vidogo vidogo ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. Tiger na Panther za Revell zinapendeza mno, lakini mnyororo wake unakuja kwa vipande na unahitaji jioni nzima. Kwa kifaru cha kamanda, sawa. Kwa platuni ya Panzer IV, ambayo kwenye orodha rasmi ya 1943 ilikuwa na vifaru vitano, mimi nanunua ya haraka, na muda ninaookoa naupeleka kwenye rangi.

Halafu hakikisheni yote ya kikosi kimoja ni ya kampuni moja. Kipimo kwenye boksi kinaweza kuwa kilekile, lakini magurudumu na upana vikatofautiana kidogo, na vikisimama sambamba jicho linaona.

Bi Brashi

Habari za jioni wote. Naona mnaitaja Tiger tu. Mimi ni wa Panzer IV na StuG III (mzinga wa deraya wa kujiendesha), na nitawatetea.

Tiger I zilitengenezwa karibu 1,350. Panzer IV zilipita 8,000, na StuG III zilipita 8,000 pia. Askari wa Uingereza kule Normandy 1944 walikuwa wakiripoti Tiger kila mahali, wakati mara nyingi walichokiona ni Panzer IV iliyovaa mabati ya pembeni, Schürzen. Kwa hiyo mwenye kutaka meza inayofanana na historia aanze na hawa wawili. Hata kwenye mchezo gharama yake ya pointi ni nafuu, unabaki na nafasi ya bunduki za rashasha na mizinga ya kuvuta.

Kuchagua toleo sio kugumu kama watu wanavyodhani. Angalia mzinga. Panzer IV yenye mzinga mfupi, mnene, ni ya Poland, Ufaransa na mwanzo wa vita vya Urusi. Mzinga mrefu ulianza 1942. Mabati ya pembeni yalianza 1943, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia risasi za bunduki za Kisovieti za kupigia vifaru. Yalikuwa membamba, yametundikwa tu, na yaling'oka ovyo kwenye miti na kuta. Hapo ndipo raha yangu ilipo. Mabati ya plastiki yanayokuja kwenye boksi huwa manene mno kwa kipimo, kwa hiyo naanza kwa kuyakwangua kingo na msasa mpaka yaonekane membamba. Mengine nayakata upya kwenye kopo la soda kwa mkasi wa kawaida. Naacha bati moja limekosekana, jingine limepinda pembe, na upande wa ndani uliofichuka naupaka rangi nyeusi zaidi kidogo, kwa sababu haukupigwa na jua. Nayashikilia kwa supaglu, siyo gundi ya plastiki, maana wakati wa mchezo watu hukamata kifaru pembeni, na bati likibanduka lirudi bila kuvunja bodi.

StuG ni rahisi zaidi kwa anayeanza, haina tareti ya kuzunguka, ni fupi, na ukimaliza rangi unaona matunda mapema.

Chelewa, Tanga

Bi Brashi umenikuna. Sisi wa huku hatuna duka la modeli mtaani, naagiza kwa ndugu wakija. Makopo ya rangi ya kupuliza hayapandi ndege, kwa hiyo praima, rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, natumia ile ya kijivu ya magari kutoka duka la vipuri. Inashika plastiki vizuri, mradi upulize mbali na upulize kidogo kidogo. Ukikaribia inayeyusha alama ndogo ndogo za misumari.

Unyevu wa pwani ndio adui. Vanishi isiyong'aa ukipuliza siku yenye mvuke inaganda na ukungu mweupe juu ya kifaru. Mimi napuliza saa nne asubuhi siku kavu, au naacha kupuliza kabisa na kupaka kwa brashi.

Antena: njiti ya chelewa, ile nyembamba ya ncha, ukiikwangua kwa wembe. Inapinda bila kuvunjika, tofauti na ya plastiki. Mtutu wa rashasha ya mbele: sindano ya duka la dawa, ikatwe kwa kikata kucha kikubwa (funika macho), tayari ina tundu. Turubai lililokunjwa: tishu iliyolowekwa gundi nyeupe ya mbao na maji, inakunjwa ikiwa mbichi, ikikauka inakuwa ngumu kama bati. Kamba: uzi wa kushonea uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa ili usiwe na manyoya.

Mkazi wa Ujerumani

Wakuu, naishi kaskazini mwa Ujerumani, na naomba nigusie alama. Hapa sheria ya jinai, kifungu cha 86a, inakataza kuonyesha msalaba wa Kinazi hadharani, na modeli zinazouzwa madukani huja bila alama hiyo au ikiwa imekatwa vipande kwenye karatasi ya stika. Msalaba mweusi na mweupe wa jeshi, Balkenkreuz, hauna shida, na ndio uliokuwa kwenye vifaru vingi.

Mimi hata kama sheria ingeniruhusu nisingeuweka. Nacheza vita hivi kwa sababu napenda historia na mikakati, na mezani kwetu kuna watu ambao babu zao waliteswa na utawala ule. Bendera waliyokuwa wakitandaza juu ya injini ili ndege zao ziwatambue naiacha, na alama za SS, jeshi la chama cha Nazi, siziweki kwenye kikosi changu. Nimechagua divisheni za kawaida za jeshi, zina alama nzuri za kutosha na historia ndefu.

Mwenye nafasi ya kusafiri aende Munster, kwenye makumbusho ya vifaru ya Ujerumani. Ukisimama kando ya Panther ya kweli ndipo utakapoelewa uchafu unakaa wapi. Vumbi linapanda mpaka juu ya magurudumu, mafuta yanavuja karibu na vifuniko vya injini, na rangi inachubuka pale tu buti za askari zinapokanyaga. Watu wengi huchubua rangi kila ukingo. Mimi siafiki, gari la vita halikuishi muda mrefu kiasi hicho.

Bi Brashi

Hapo kwenye kuchubua nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Kivuli cha Mwembe

Jamani rangi ya msingi ni ipi hasa? Kila video inasema lake.

Mzinga Mrefu

Mkuu, inategemea tarehe. Mpaka mwanzo wa 1943 magari Ulaya yalikuwa ya kijivu kilichokoza. Agizo la Februari 1943 lilibadilisha msingi kuwa njano-mchanga, Dunkelgelb, na wafanyakazi wa kifaru wakapewa rangi nzito ya kijani na ya kahawia nyekundu wachanganye na maji au petroli, wapulize au wapake wenyewe. Ndiyo maana mabaka hayafanani kati ya kifaru na kifaru. Kwa Afrika, magari ya kwanza yalishuka Tripoli 1941 yakiwa bado ya kijivu, halafu yakapakwa rangi za jangwa.

Ushauri wangu mmoja: paka hatua moja nyeupe zaidi kuliko picha. Kifaru kidogo chini ya taa ya sebuleni huonekana cheusi. Baada ya hapo pitisha rangi ya kahawia iliyochanganywa maji mengi iingie kwenye mifereji, ikikauka sugua kingo kwa brashi kavu yenye rangi ya mchanga. Hizo hatua mbili zinatosha kwa umbali wa mkono.

Na ile Zimmerit, ile lipu yenye mistari ya kuzuia mabomu ya sumaku, ilipakwa viwandani kuanzia mwishoni mwa kiangazi cha 1943 hadi Septemba 1944. Kwa 1/100 usihangaike nayo. Kwa 1/56 tumia putty na kitana kidogo, au nunua modeli iliyokwisha chorwa.

Mswahili wa Muscat

Salaam aleikum. Mimi natumia modeli za resini, ile ya kumiminwa kwenye kalibu, kwa sababu magari yasiyo ya kawaida, kwa mfano yale ya deraya ya upelelezi yenye magurudumu manane, mara nyingi yanapatikana hivyo. Joto la hapa linapindisha mtutu wa resini kama umeuacha kwenye gari. Dawa yake: maji ya moto, siyo yanayochemka kwa fujo, chovya mtutu kidogo, nyoosha kwa vidole, halafu maji baridi papo hapo. Mitutu mirefu ya Panther naibadilisha kabisa kwa bomba la shaba. Resini iosheni kwa sabuni ya vyombo kabla ya praima, ina mafuta ya kutolea kwenye kalibu. Na vumbi lake ukipiga msasa lowesha kwanza, uvae barakoa.

Tareti naweka sumaku, moja kwenye tareti na moja ndani ya bodi. Kifaru kikilipuka mchezoni nang'oa tareti naiweka pembeni imepinda, na pamba nyeusi juu. Wenzangu wameiga wote.

Dadu Sita, Birmingham

Mkuu wa Muscat, hiyo ya pamba nimeichukua. Niongeze la gari la mnyororo nyuma na magurudumu mbele, Sd.Kfz. 251, kwa sababu liko wazi juu na kila mtu atachungulia ndani. Paka ndani kabla hujafunga pande mbili, la sivyo brashi haifiki. Benchi za mbao rangi ya kahawia, sakafu vumbi. Askari usiwagundishe. Wawekee kipande cha kadi chenye viti vyao, kikae kwa sumaku, wakishuka mchezoni unakitoa chote na gari linabaki tupu kama inavyotakiwa. Toleo la Ausf. D, la 1943 kuendelea, lina nyuma iliyonyooka na pande rahisi, kwa hiyo lina vipande vichache na ndilo ninalompa mgeni aanze nalo.