Mjadala: Betri "zilizofufuliwa" ziendelee kuuzwa mitaani Mbeya?

Mtoa mada, Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Baba mdogo anaishi Rungwe, juu kule ambako jua la masika ni la kuomba. Juzi alishuka mjini akanunua betri ya sola ya ampea-saa 100, si mpya, "imefufuliwa", yaani iliyochoka ikatengenezwa ishike chaji tena. Fundi akaweka mita mbele yake, ikasoma volti 12.7. Mzee akarudi kwake anachekelea. Siku ya nne taa zinazimika saa mbili usiku, redio haimalizi taarifa ya habari. Kumrudia fundi, anaambiwa paneli yake ndiyo mbovu!

Msimamo wangu: biashara hii ipigwe marufuku masokoni. Anayetaka kufufua afufue ya kwake. Karibuni mnipinge.

Fundi wa Mafiati
Mkuu, pole kwa mzee, ila marufuku nakataa. Umechanganya mambo mawili.

Betri ya maji haifi siku moja. Kila ikikaa bila kujaa, pleti zake za risasi (yale madini mazito) zinashika utando wa sulfeti. Ukiwahi, chaji ya polepole inauondoa. Ukichelewa, unaganda hautoki tena. Ndiyo maana betri za Tukuyu, huko huko Rungwe, zinanifikia kwa wingi mvua zikikolea: mawingu wiki nzima, nyumbani taa na TV zinawashwa vilevile, betri inalala nusu kila siku. Za namna hiyo naziongezea maji ya betri yasiyo na asidi, naziweka kwenye chaji ya ampea chache siku mbili hata tatu. Zikiwahiwa, zinarudi. Si kama mpya, lakini mtu anamaliza nayo msimu.

Alichofanyiwa baba mdogo ni kitu kingine. Nadhani walimwaga asidi iliyochoka wakamimina mpya kali. Betri ikiwa imepumzika, volti inafuata ukali wa asidi, haikuambii pleti zina hali gani. Jaza asidi kali kwenye maiti ya betri, mita itakusomea 12.7 bila aibu. Kipimo ni mzigo: funga taa kubwa ya gari nusu saa, uangalie volti inaporomoka hadi wapi. Na ikigoma kwenye volti 10.5 hata uichaji usiku kucha, basi katika seli zake sita, vile vyumba vya ndani, moja imekufa. Hiyo hakuna fundi wa kuiamsha, ipelekwe kwa wanunuzi wa chakavu.

Mama Wawili, Iringa
Kaka fundi, umefundisha vizuri, nimeelewa hadi mimi wa jikoni. Swali langu: ile asidi iliyochoka ilimwagwa wapi?

Maana huku mtaani kwetu nimeona kwa macho. Inamwagwa mferejini, mfereji unashuka bondeni, bondeni watu wanamwagilia mboga. Ile asidi imebeba risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haanguki siku hiyo hiyo. Inamla akili taratibu, unabaki kumsema mzito darasani. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mimi mzee kudanganywa betri naona ni dogo.

Dogo wa Tunduma
Kwani lazima asidi? Tia sulfeti ya magnesi, ipo duka la pembejeo, bei chee. Na betri za simu mimi huwa nazipiga shoti na nyingine nzima, zinaamka.

Fundi wa Mafiati
Mdogo wangu, hiyo ya magnesi nimeijaribu sana, utando ulioganda hauyeyuki. Kaweke kwenye viazi. Na hizo za simu acha kabisa. Betri ya simu ni ya lithiamu, na volti yake ikishuka mno ikakaa hivyo, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, ukiichaji tena inaganda mahali pasipo pake. Inaamka kweli, halafu inawaka moto uko usingizini.

Mama Wawili, umenibana. Yangu naikusanya kwenye madumu. Kwa wenzangu siwezi kuapa.

Mkulima, Makete
Kamwene wote. Mnaojadili marufuku mna umeme wa gridi. Betri mpya kwangu ni viazi vya msimu mzima. Mkinifungia ya kufufuliwa, narudi kwenye kibatari, na moshi wake nao watoto wanauvuta. Mimi naomba niambiwe ukweli nikinunua, basi.

Mtoa mada, Uyole
Sawa, marufuku naiondoa. Nabadilisha: kila betri iliyofufuliwa ipakwe rangi nyekundu juu, ijaribiwe kwa mzigo mbele ya mteja, na fundi asiye na madumu ya asidi chafu asipewe kibali cha kufungua meza. Fundi, utakubali?

Fundi wa Mafiati
Rangi nitapaka hata kesho. Mzigo huwa najaribu. Ila meza ya pili kutoka kwangu asipopaka, akauza kwa bei ile ile akisema ni mtumba wa Dubai, baba yako mdogo atanunua kwa nani?