Naomba ushauri: kikao cha kila siku kwa timu iliyotawanyika

Bandugu, habari zenu. Ninaongoza timu ndogo ya kutengeneza programu: wawili niko nao hapa Lubumbashi, mmoja yuko Bukavu, wengine Kinshasa. Tunafuata Skramu, yaani njia ya kugawa kazi katika vipindi vifupi viitwavyo sprinti; vyetu ni vya wiki mbili.

Kinachotusumbua ni kile kikao cha dakika 15 cha kila siku. Saa tatu asubuhi kwetu, Kinshasa ni saa mbili, watu bado wako kwenye foleni za barabarani. Tukikisogeza mbele, umeme huku unakatika. Mwenzetu wa Bukavu akikosa mtandao siku mbili, anajikuta anafanya kazi ambayo mwingine ameshaimaliza. Inaniuma, maana ni fundi kweli.

Nafikiria kila mtu aandike WhatsApp: anafanya nini, amekwama wapi. Kuongea kwa sauti kubaki kwa kupanga sprinti na kuitathmini. Ila kwa maandishi watu hujibu "iko sawa", hasa vijana. Kumwambia mkubwa kwamba umeshindwa si rahisi kwetu.

Mliotumia njia hiyo, mliwezaje kuwafanya waseme mapema? Na ubao wa kazi upi wa mtandaoni, wa kuonyesha nani anafanya nini, unafunguka vizuri kwa intaneti dhaifu? Aksanti sana.