Mjadala: Je, "Ring a Ring o' Roses" ni wimbo wa tauni kweli?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa ushahidi. Kila unapotajwa wimbo huu, ambao watoto wetu wanaufundishwa kwenye chekechea za Kiingereza (wanazunguka wakiimba mawaridi na maua ya mfukoni, wanapiga chafya, kisha wanajiangusha), hakosi mtu wa kusema ni wimbo wa maiti. Maelezo yake mnayajua: mawaridi ni vipele vya tauni, maua ya mfukoni ni ya kufukuza hewa chafu, chafya ni dalili, na kuanguka ndiyo kufa. Eti umetoka London, wakati wa tauni ya mwaka 1665. Mimi nakataa.

Kwa Kiingereza toleo la mapema linalojulikana zaidi la wimbo huu lilichapishwa 1881, katika kitabu cha nyimbo za watoto cha mchoraji Mwingereza Kate Greenaway. Hapo imeshapita miaka 216. Najua mtaniambia nyimbo za watoto huishi midomoni kabla ya kufika kitabuni, na ni kweli. Lakini Samuel Pepys alikuwa London wakati wa tauni ile, akiandika shajara yake, na aliandika hata woga wake wa kuvaa nywele za bandia, zisije zikawa zimekatwa kwenye vichwa vya waliokufa. Mtu wa kuandika jambo dogo kiasi hicho, wimbo huu hakuutaja.

Tena angalieni maneno yenyewe. Katika toleo la 1881 hakuna chafya kabisa; watoto wanaambiwa wanyamaze, kisha wanaanguka. Mwaka 1883 Mmarekani William Wells Newell alichapisha toleo alilosema liliimbwa New Bedford, Massachusetts, tangu 1790 hivi: humo hakuna chafya wala kuanguka. Toleo lake jingine linasema atakayechelewa kuinama amtaje anayempenda. Huo ni mchezo wa wasichana kutaniana. Tauni iko wapi hapo?

Na chafya si dalili ya kuitambulisha tauni. Waulizeni wazee wa Lushoto, ambako ugonjwa huu uliwasumbua watu kwa miaka mingi kuanzia 1980: watawatajia homa kali na mitoki iliyovimba kwenye kinena na kwapani.

Kinachonishawishi zaidi ni umri wa maelezo yenyewe. Yalienea katikati ya karne ya 20. Iona na Peter Opie, waliotumia maisha yao kukusanya nyimbo za watoto, waliyataja 1951 na hawakuyakubali. Kwa hiyo hii si kumbukumbu ya waliozika ndugu zao. Ni tafsiri ya watu waliokuja karne tatu baadaye.

Humpty Dumpty, wa wimbo mwingine wa watoto, naye kaambiwa ni mzinga wa vita wa mji wa Colchester, Uingereza, 1648, ilhali wimbo wake ulichapishwa 1797 na maneno yake hayataji mzinga popote. Ni kitendawili, jibu lake yai, kama sisi tunavyotega "nyumba yangu haina mlango".

Sisemi kila wimbo hauna asili inayojulikana. "Mary Had a Little Lamb" tunajua ni wa Sarah Josepha Hale, 1830, kwa sababu aliuchapisha mwenyewe. Ushahidi wa namna hiyo ndio ninaoudai.

Wapo watakaosema hadithi ya tauni haina madhara, inawafanya watoto wapende historia. Hapo ndipo ninapoumia. Daftari za vifo za London za 1665 zina zaidi ya watu 68,000 waliohesabiwa kufa kwa tauni. Habari zao zipo, zimeandikwa. Kwa nini tuwafundishe watoto za kubuni? Na mtoto kuzunguka na wenzake kisha kujiangusha kunahitaji msiba gani? Wetu wanacheza ukuti, wakifika kwenye "watetemeka" wanajitikisa mpaka chini, na hatujawahi kuwatafutia makaburi.

Mwenye andiko lolote la kabla ya karne ya 20 linalounganisha wimbo huu na tauni alilete hapa, pamoja na mwaka na jina la aliyeandika. Nitalisoma kwa heshima zote.