Mbwa anatoka kabla sijamtuma, nami nakosa sahani: nianze na nani?

Mpiga_Alfajiri:
Wakuu, naomba msaada. Nina Labrador jike mweusi, miaka miwili na miezi minne, jina lake Tausi. Porini anafanya kazi safi: anaona ndege anapoangukia, anaenda moja kwa moja, anamleta kwa mdomo laini. Mwaka huu tumeanza mashindano ya jozi, yale ambayo mpigaji na mbwa wake wanapewa alama pamoja. Mara mbili tumetolewa kwa kosa lilelile: aliondoka kabla sijataja jina lake.

Mtu mwingine akirusha furushi la turubai la mazoezi, linalokaa badala ya ndege, na kupiga bastola ya mlio mtupu, anakaa tuli. Nikishika bunduki mimi, hakai. Sasa najikuta namchungulia yeye, sahani (kile kisahani kinachorushwa angani tukilenge) inapita. Raundi ya mwisho nilipata 11 kati ya 25, na bila mbwa huwa sishuki chini ya 19. Rafiki anasema nimfunge kamba kiunoni mwangu. Mwingine anasema nimpeleke uwanja wa sahani kila wiki azoee. Sitaki kumvunja moyo, anaipenda kazi hii kuliko chakula.

FilimbiMbili:
Kamba kiunoni usithubutu, ndugu yangu. Mbwa wa kilo 28 akiruka ghafla na wewe umeshika bunduki yenye risasi, yeye ndiye atakayeamua mtutu uelekee wapi. Kama bado anahitaji kushikwa, ashikwe na mtu asiye na bunduki. Hata kwenye majaribio ya uwindaji ya American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, mbwa wa daraja la chini, Junior, anaruhusiwa kushikwa mstarini. Akifika daraja la juu, Master, hakuna wa kumshika.

Uwanja wa sahani nao naupinga. Mlio wa bunduki ya marisau karibu na mdomo wa mtutu unavuka desibeli 150. Wewe una vizibo vya masikio, yeye hana. Raundi ya skeet, huo mchezo wa kulenga sahani, ni risasi 25, na mkiwa watano mstarini anasikia 125. Masikio yakiharibika hatasikia filimbi akiwa mbali, halafu tutamwita mkaidi.

Mkufunzi_Kimya:
Nafundisha mbwa wa kuokota windo, na wenye mbwa, kwa miaka 19. Swali hili hunijia kila msimu, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Soma tena ulichoandika. Mlio haumsumbui. Anaondoka pale bunduki inapokuwa mkononi mwako. Tausi anakusoma vizuri mno: msimu mzima porini ulijiandaa kupiga, ndege akaanguka, yeye akaenda. Kuna kitu katika mwili wako au bunduki yako ambacho kwake ndiyo amri, na jina lake linafika likiwa limechelewa.

Mwombe mtu akurekodi kwa simu, lakini aelekeze kamera kwa mbwa. Tazama polepole anaanza kukaza misuli lini. Nimeona mbwa walioondokea mguu wa mbele kusogea, wengine shavu kugusa kitako cha bunduki, mmoja alisubiri mwenyewe avute pumzi.

Kisha wiki tatu usipige risasi hata moja ukiwa naye. Chukua bunduki tupu, uikague mara mbili, uinue, fuata kitu angani, shusha, msifu kwa kukaa, ondokeni. Mafurushi yakirushwa, saba kati ya kumi yafuate wewe kwa miguu yako, yeye akiwa amekaa anakutazama. Inachosha, na wengi huachia hapa. Kwa matatu yaliyobaki hesabu kimoyomoyo, ndipo utaje jina. Leo hesabu hadi tatu, kesho hadi tisa. Ukihesabu sawa kila siku atakariri hesabu.

Siku ya kupiga kweli, fungua bunduki na utoe maganda kabla ya kumtuma, kila mara. Ni usalama, na pia inakupa wewe nafasi ya kutulia.

Upigaji wako ufanyie kazi siku nyingine, bila mbwa. Skeet ilianzishwa na wawindaji wa Massachusetts miaka ya 1920 ili kujinoa kwa ajili ya ndege wa porini, kwa hiyo itakufaa. Ila ipige kwa kanuni za kimataifa: kitako kinabaki usawa wa nyonga mpaka sahani ionekane, na sahani inaweza kuchelewa hadi sekunde 3 baada ya kuiita. Huko kungoja ndiko kunakokushinda ukiwa na Tausi, maana ndipo jicho lako linapomkimbilia.

Mpiga_Alfajiri:
Mwalimu, asante sana. Nimerekodi jana jioni na video nimeitazama mara sita. Si shavu wala mguu. Ni ule mlio mdogo wa kufunga bunduki, tak! Masikio yanasimama, makalio yananyanyuka kidogo, na hapo mimi bado sijainua chochote. Muda wote huu nimekuwa nampa amri bila kujua.

Mkufunzi_Kimya:
Umeipata. Basi ifunge na kuifungua ikiwa tupu, mara 30 asubuhi na 30 jioni, akiwa anakula, amelala, mnatembea, na pasitokee lolote. Masikio yasiposimama tena, ndipo uanze zile wiki tatu.

FilimbiMbili:
Furushi lako lina rangi gani? Ukitaka aone linapoangukia, tumia jeupe. La rangi ya machungwa halimkai machoni kwenye nyasi, kwa kuwa mbwa hutofautisha zaidi bluu na njano. Hilo la machungwa liweke kwa siku za kumwongoza kwa filimbi na mkono.

Mpiga_Alfajiri:
Ni la machungwa, na ndilo nililomrushia tangu akiwa mdogo. Natafuta jeupe kesho. Bunduki tupu naanza nayo leo jioni wakati wa chakula chake, na masikio yakitulia nitaleta video nyingine hapa.